Karatasi ya Pili

Katika mtaa wetu wa Saint-Gervais, ng'ambo ya mto Rhône, mafundi saa hufanya kazi ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, kwa sababu mwanga ndio chombo cha kwanza cha fundi, na ghorofa za chini hazina mwanga. Jérémie Combelas alipanda ngazi themanini na nne kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo yote haikutoka Jeneva saa hata moja yenye jina lake.

Si kwamba hakuwa fundi. Mifuniko ya saa aliyoichora nakshi ilivaliwa na mabibi wa London na wa Istanbul. Lakini alikuwa mzaliwa. Mgeni akituuliza maana ya neno hilo tulimjibu hivi: babu yako alikuja hapa akikimbia kuuawa kwa ajili ya dini yake, baba yako alizaliwa hapa, wewe umezaliwa hapa, na mji si wako. Unashika zamu ukutani, unalipa kodi, na ukifa unazikwa. Hupigi kura. Huwi mwenye karakana. Kazi ya mikono yako inatoka mlangoni ikiwa na jina la raia fulani, na raia walikuwa wachache kuliko sisi.

Raia ambaye jina lake lilikaa juu ya kazi ya Jérémie ni Gédéon Malbuet, na hao wawili walikuwa ndugu wa kunyonya ziwa moja. Mama yake Gédéon aliugua alipojifungua, na Mama Judith, mke wa mhunzi wa ghorofa ya chini, alikuwa na Jérémie wa miezi miwili kifuani. Akawapakata wote wawili. Walikua wakigombania bembea ileile na viatu vilevile. Hata walipokuwa watu wazima, mmoja bwana na mwingine fundi wake, Gédéon alikuja kila Jumapili baada ya ibada kumwamkia Mama Judith, akimletea mkate mweupe, na kumwita mama.

Karakana zetu zilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mmoja anaweka chombo chake chini, anakaa karibu na dirisha, anasoma kwa sauti. Wengine wanaendelea na kazi, na kila mmoja anamfanyia msomaji kipande kidogo cha kazi yake ya siku, asipungukiwe. Tulisomewa hivyo habari za Warumi, safari za mabaharia, mahubiri, hata magazeti ya Uholanzi yaliyokwisha kuchakaa. Msomaji wa karakana ya Malbuet alikuwa Jérémie. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyo na haraka, ikipita katikati ya mikwaruzo ya tupa bila kushindana nayo. Tena alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Utotoni alizimeza zaburi zote mia na hamsini, na kanisani, mwimbishaji akisahau ubeti, shingo zote ziligeuka upande wa benchi la Combelas.

Mwaka ule Baraza Dogo, lililoutawala mji, lilipoamuru kitabu cha mwanafalsafa mmoja kichanwe na kuchomwa mbele ya jumba la mji, kila karakana ilitaka kukisoma. Watu ambao hawakuwahi kumaliza barua waliulizia kitabu. Nakala moja ilipita mtaani kwetu ndani ya kikapu cha jibini, na karakana ya Malbuet ikapewa siku kumi. Siku ya kumi na moja kikapu kiliondoka. Kitabu hakikuondoka, maana Jérémie alikuwa amekimeza.

Mwanafalsafa alisema binadamu hazaliwi mbaya. Vyeo ndivyo vinavyompinda, kama mche uliofungwa kamba. Alisema serikali ni mtumishi aliyepewa funguo ili awafungulie wenye nyumba, si ili awafungie nje. Na alisema, hili ndilo lililomkaa Jérémie kifuani, kwamba anayetii sheria aliyoshiriki kuitunga anajitii mwenyewe, na anayetii sheria aliyotungiwa na wengine ni mtumwa, hata kama ameshiba. Alipolisoma hilo tupa zote ziliacha kukwaruza. Gédéon mwenyewe alivua miwani akaifuta, akasema lisomwe tena.

Raia kama Gédéon walikuwa na ugomvi wao na Baraza Dogo. Koo chache za juu, zile za mtaa wa mlimani, zilitawala mji kama shamba la babu yao, na raia wa kawaida waliambiwa waje kupiga kura na kurudi nyumbani. Basi wakaunda duara lao, Duara la Ukingoni, wakikutana Jumapili mchana kuvuta tumbaku na kuzungumza haki. Wakamwita Jérémie. Hakuwa mwanachama, asingeweza kuwa. Alisimama karibu na mlango, na wao wakamwita Kitabu.

"Kitabu, hebu tupe pale pa funguo," mmoja angesema, naye angewapa, neno kwa neno, nao wangegonga meza kwa viganja. Kisha wangempa glasi ya divai, akainywa wima.

Mkewe Suzon, aliyechora tarakimu kwenye nyuso za saa na aliyekuwa na macho makali kwa mambo mengine pia, hakupendezwa. "Wanakuvika kilemba cha ukoka," alimwambia. "Kitabu gani hicho kisichopewa hata kiti?"

Jérémie alicheka. Alisema kiti kitakuja.

Ugomvi ule ulichukua miaka. Mwishowe raia walikataa kuchagua wakuu wa mji, na serikali ikakwama kama saa iliyoingia mchanga. Hapo Baraza Dogo likatukumbuka sisi wazaliwa. Likatuma watu kwa siri: waacheni raia, simameni nasi, na tutawaruhusu kuwa na karakana zenu. Tukakutana kwenye uwanja wa Plainpalais, wazaliwa zaidi ya mia nane, kulijadili. Nisiwasingizie wenzangu: wengi walitaka kukubali. Ézéchiel Tavan, kinyozi wa mtaa wetu, mtu wa maneno, alipanda juu ya pipa akasema mkate ulio mezani unaliwa, mkate wa ahadi unanuka tu.

Jérémie akapanda baada yake. Hakuwa amezoea kusema maneno yake mwenyewe, basi alianza na ya mwanafalsafa: kwamba uhuru unaopewa na bwana kama zawadi, bwana huuchukua tena akikasirika, na kwamba uhuru wa kweli ni ule ambao watu wanauwekeana wenyewe kwa wenyewe, sawa kwa sawa. Akasema raia wameahidi kwamba wakishinda, kifungu cha wazaliwa kitakuwa ndani ya mkataba watakaofunga na Baraza. Mtu akapaza sauti akitaka kujua nani kaahidi.

"Gédéon Malbuet ameniahidi," alisema Jérémie. "Nimenyonya naye. Huyo akinidanganya, basi hata maziwa ya mama yangu yalikuwa uongo."

Watu walicheka, kisha wakainua mikono. Tukakataa ya Baraza. Tulikataa kwa neno la Jérémie, na kila mtu alilijua hilo, yeye zaidi ya wote.

Baraza likakosa pa kushika. Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado mapaani, likakubali kupatana na raia. Gédéon alipanda ngazi themanini na nne akiwa na rundo la karatasi nzuri chini ya koti. Duara lilikuwa limeandika vifungu vya mkataba, na hapakuwa na mwandiko mjini kama wa mchora nakshi wa Malbuet. Vifungu vilikuwa ishirini na vinne. Cha mwisho kilikuwa chetu: mzaliwa aweze kuwa na karakana, auze kazi yake kwa jina lake, na mjukuu wa aliyekuja awe raia.

"Hicho cha ishirini na nne kiandike peke yake," alisema Gédéon. "Karatasi ya pili. Wale wazee wakikiona mwanzoni watasimama kabla hawajakaa vizuri. Tutakichomeka mwishoni, wakiwa wamechoka na njaa inawauma."

Jérémie alitabasamu. Hata kwenye saa, kipande kigumu kuliko vyote huingizwa mwisho, vingine vikiwa vimeshakaa mahali pake, na kila fundi analijua hilo. Akaandika vifungu ishirini na vitatu kwenye karatasi kubwa, na cha ishirini na nne kwenye karatasi ya pili, kwa herufi zilizopinda taratibu kama majani ya mzabibu. Siku mbili nzima. Suzon aliitazama karatasi ile ikikauka dirishani na kumwuliza kwa nini isiwe na namba. Jérémie akasema Gédéon ataiweka mwenyewe.

Siku ya kura raia wote waliingia kanisa la Saint-Pierre na sisi tukabaki nje kwenye ngazi, kama kawaida. Safari hii hatukuudhika. Wanawake walikuja na watoto, na mtu mmoja alileta njugu za kuchoma. Milango iliachwa wazi kwa ajili ya hewa, na karani wa mji, mwenye koo kama tarumbeta, alianza kusoma mkataba mzima kabla ya kura. Kutoka mahali petu maneno yalifika nusunusu. Jérémie ndiye aliyetusaidia. Alisimama ngazi ya juu akiwa amefumba macho, akifuata kwa kichwa, akitwambia: sasa ni cha tisa, cha kodi, sasa cha kumi na sita, uchaguzi wa majaji.

"Chetu bado?" Tavan aliuliza.

"Bado. Kinakuja."

Kikasomwa cha ishirini na mbili. Kikasomwa cha ishirini na tatu, na midomo ya Jérémie ilikuwa inatembea pamoja na karani. Kilipoisha midomo yake ikaendelea yenyewe, ikianza kifungu chetu, maneno mawili, matatu. Ndani karani alikuwa anasema, na hayo ndiyo yote, mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Zikasikika kelele kubwa za furaha, na kofia zikarushwa.

Jérémie alifumbua macho. Watu mia kadhaa walikuwa wanamtazama usoni, wakisubiri awaambie ni namba ngapi sasa. Hakuna aliyejua kabla yake. Ilimbidi ajue peke yake, kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha atwambie.

"Kimeisha," alisema.

Kesho yake alipanda kazini kama siku zote. Gédéon alikuwa mezani pake, hakuwa amelala, na alianza kusema kabla hajaulizwa. Alisema hali ilikuwa ngumu. Alisema wazee wa Baraza walikuwa na vifungu ishirini na vitatu kooni tayari, kimoja zaidi wangetapika vyote. Alisema raia wenyewe, wengine, hawakuwa tayari, wakati utafika, mtu hajengi paa siku ya kuchimba msingi.

"Uliwaonyesha?" Jérémie aliuliza.

"Ndugu yangu, ungekuwepo ungeona mwenyewe..."

"Nimeuliza, uliwaonyesha?"

Gédéon alivuta droo. Karatasi ya pili ilikuwa pale, juu ya mabaki ya fedha na vioo vya saa. Haikuwa imekunjwa hata mara moja. Mtu anayepeleka karatasi mahali huikunja aitie kotini. Hii haikuwahi kutoka kwenye droo ile.

Jérémie aliitazama. Nadhani kama angeikuta imechanwa angemsamehe. Aliketi, akachukua kalamu yake ya chuma, akafanya kazi mpaka jioni. Siku ile wenzake walimwomba asome, akasema koo linamuuma.

Kulikuwa na ukurasa mmoja wa kitabu ambao Duara la Ukingoni halikuwahi kumwomba. Mwanafalsafa alisema humo kwamba wengi wanaochukia kuwa na bwana hawachukii ubwana. Wanachukia kwamba bwana si wao. Jérémie alikuwa ameumeza pamoja na zile nyingine na kuupita, kama mtu anavyopita mlango wa jirani. Sasa aliusoma moyoni kila siku. Lililomtesa ni kwamba kitabu kilekile kilisema binadamu hazaliwi mbaya. Naye alimjua Gédéon tangu hajaota meno. Kama si ubaya wa kuzaliwa nao, basi uliingia lini? Alikuwa wapi yeye ulipokuwa unaingia?

Mtaani lilizuka swali jingine. Tavan, akiwa na kichwa cha mtu mkononi na povu mpaka kiwikoni, aliwauliza wateja wake mkataba uliandikwa kwa mkono wa nani. Walijua. Akawauliza basi huyo aliyeandika vifungu ishirini na vitatu hajui kuhesabu mpaka ishirini na nne? "Kitabu kimeuzwa," alisema, "na sisi ndio karatasi ya kukifungia." Maneno hayo yalishuka mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana. Jérémie alipojaribu kueleza habari ya karatasi ya pili, ilizidi kuharibika. Kumbe alikiandika kando? Kwa hiari yake? Na hakuwaambia? Pale kwenye chemchemi wanawake walimpisha Suzon kwa adabu kubwa mno, akachota maji peke yake.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, Gédéon alikuja kumwamkia Mama Judith na mkate wake mweupe. Alikuwa na habari njema na hakuweza kuificha usoni. Kwa kuushukuru utulivu wa wazaliwa, mji ungewapokea watano miongoni mwao wawe raia, bure, mbele ya watu wote. Yeye mwenyewe amepigania jina la Jérémie na limekuwa la kwanza. Karakana, jina, kura, na Ester, binti wa Jérémie na Suzon, aolewe kama binti wa raia.

Mama Judith, aliyekuwa amekaa karibu na jiko, ndiye aliyejibu.

"Wewe Gédéon, nilikuwa nakulaza upande wa kushoto na huyu upande wa kulia. Ukimaliza wako ulikuwa unamsukuma uchukue na wake. Nikadhani ni njaa."

"Mama, nimemletea haki yake."

"Umemletea yake. Hao wengine umewaacha wapi?"

Gédéon alibusu mkono wake akaondoka, akisema siku yenyewe ni Jumatatu ya wiki ijayo, na kwamba kila jina huitwa mara tatu na mwenyewe huitika.

Suzon alisubiri mlango ufungwe. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwamba ameshatukanwa, na ameshatemewa mate, na kwamba akikataa hakuna atakayemwamini. Watasema bei ilikuwa ndogo. "Jina la msaliti umeshapewa bure," alisema. "Angalau chukua ujira wake. Si kwa ajili yako. Kwa Ester."

Jérémie alisema atafikiri. Nadhani alikuwa anafikiri kweli, maana asubuhi ya Jumatatu Suzon alimpigia brashi koti na yeye akasimama apigwe brashi.

Uwanja mbele ya jumba la mji ulijaa. Wakuu walikaa barazani, na raia wa maduara walikaa kwenye mabenchi pembeni, Gédéon mbele kabisa. Sisi tulisimama nyuma ya kamba. Karani aliinua orodha.

"Jérémie Combelas."

Watu waligeuka. Alikuwa mstari wa mbele, mikono ndani ya mifuko. Tavan, aliyesimama karibu naye akiwa amevaa wigi lake jipya, alisema kwa sauti ya kutosha, nenda basi, Kitabu, wanakusubiri.

"Jérémie Combelas."

Alimtazama Gédéon. Ndugu yake alikuwa anamtabasamia, na halikuwa tabasamu la hila. Lilikuwa la upendo. Machozi yalimlengalenga machoni. Jérémie aliniambia baadaye kwamba alikuwa tayari kuitika mpaka alipoliona tabasamu lile. Hapo akaelewa kwamba kwa Gédéon mambo yamekwisha, deni limelipwa, wamekuwa sawa tena, na kwamba yeye mwenyewe akiitika tu, hilo litakuwa kweli.

"Jérémie Combelas."

Alinyamaza. Karani alisubiri kidogo, akamwangalia Gédéon, Gédéon akatazama chini. Karani akachovya kalamu akapiga mstari. Wanne waliofuata waliitika, wakaweka mkono juu ya Maandiko. Nyuma ya kamba watu walianza kumsogelea Jérémie. Mmoja aligusa kiwiko chake. Nilidhani pengine tungeanza kuamini.

Kisha karani akasema nafasi moja iko wazi, na kwa ajili hiyo kuna jina la akiba, la mtu aliyeomba mwenyewe kwa barua.

"Ézéchiel Tavan."

"Nipo," alisema kinyozi, mara ya kwanza tu.

Alipita chini ya kamba. Hakuna aliyemzomea, tulikuwa tumekauka. Alipofika karibu na Jérémie alipunguza mwendo na akarekebisha wigi.

"Usinitazame hivyo, jirani," alisema. "Si wewe hukuitaka?"

Jioni mtaani walisema Combelas na Tavan walipanga pamoja, mmoja aache ili mwingine apate, na kwamba lazima kuna kilichopita mkono kwa mkono. Wengine walisema hapana. Waliosema hapana walikuwa wachache, nami nilikuwa mmoja wao, na sikulisema kwa sauti kubwa.

Jérémie alifika nyumbani kabla ya habari. Suzon alikuwa mlangoni na Ester nyuma yake. Suzon alimtazama usoni, akauliza waliita mara ngapi. Akamwambia tatu. Akauliza kama zote alizisikia vizuri. Akasema alizisikia. Suzon akaenda kukaa mezani pake, akachukua uso wa saa na brashi ya nywele tatu, akaendelea na tarakimu alipoishia. Hakumsemesha mpaka Alhamisi.